Jana Haikuwa Idi

Gauni la mwanawe Masika, Abrahman alilishona mwisho, baada ya nguo zote za watu kuchukuliwa. Ndivyo ilivyo kwa mafundi cherehani wa Wete: kumi la mwisho la Ramadhani wao huvisha mji mzima, na nguo za wana wao hushonwa dakika ya mwisho, kwa kitambaa kilichofichwa chini ya meza. Masika mwenyewe hakuweza kuja kupimwa. Alikuwa na miaka tisa, akikaa Wawi kwa mamake, na baba yake ilimbidi amkadirie kwa kumkumbuka. Mwaka jana kichwa cha mtoto kilimfika kwenye kifungo cha tatu cha kanzu. Akaongeza mwaka mmoja. Kisha, kwa kuwa hakujiamini, akaacha kitambaa cha ziada ubavuni, na chini akaweka pindo la vidole vinne.

Pindo la namna hiyo hawekewi mtoto utakayemshonea tena mwakani. Huwekewa mtoto ambaye hujui utamwona lini.

Mamake Masika, Bimkubwa, alikwisha kuolewa na mume mwengine, Hamad, kijana mpole mwenye wajomba wenye maduka Maskati. Wajomba walimwita, karatasi zikatimia, na safari ikapangwa Alhamisi ya wiki ileile ya sikukuu: Hamad, mkewe na mtoto. Hamad alisema wangerudi kutembea baada ya miaka mitatu. Abrahman aliwajua watu waliosema miaka mitatu tangu yeye hajabaleghe, na mpaka leo bado wanasema.

Kwa hiyo alibakiwa na siku moja. Walipoachana, wazee wa pande mbili walikaa wakapatana: mtoto akae kwa mamake, ila kila sikukuu ya kufungulia, Idi mosi, ni ya baba, tangu asubuhi mpaka magharibi. Miaka miwili alimpeleka Chake, kwenye kiwanja cha watoto, wakapanda pembea, wakatazama gwaride la Idi linalopita baada ya laasiri. Mtoto huwa anaanza kulitaja gwaride hilo tangu mwezi wa Rajabu.

Abrahman hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza kama anavyoshona, taratibu, akirudi nyuma kuhakikisha. Lakini mara moja maishani mwake alilisema neno bila ya kulipima, na hilo moja lilitosha.

Alikuwa akiswali katika msikiti mdogo wa Maalim Kificho, jirani yake, ambaye alisomesha kwamba mwezi ukionekana popote umeonekana kwa wote. Bimkubwa alilelewa na watu wanaotaka mwezi uonekane hapa hapa, kwa macho ya mtu wanayemjua jina. Miaka mingi miezi ilipatana, na nyumba yao haikuwa na neno. Mwaka mmoja haikupatana. Abrahman alirudi kutoka swala ya Idi, kuku amekwisha kupikwa tangu usiku, akamkuta mkewe amefunga.

"Kula, mke wangu. Leo Idi."

"Kwetu bado siku moja."

Akamwambia kufunga siku ya Idi ni haramu, na haramu haikai nyumbani kwake. Bimkubwa akasema basi atakwenda kuimalizia kwao. Abrahman akasema, "Ukitoka na funga hiyo, umetoka na talaka yako." Bimkubwa akatoka. Masika, mtoto wa miaka sita, alishika buibui la mamake, akawa anageuka nyuma kumtazama kuku. Kesho yake kisiwa kizima kilikuwa kinakula. Hapakuwa tena na aliyefunga wala aliyefungua. Talaka tu ndiyo iliyobaki.

Sasa, mwaka huu wa safari, miezi ilikataa tena kupatana. Msikiti wa Maalim Kificho uliswali Idi Jumatatu. Wawi, Chake, na sehemu kubwa ya kisiwa walikuwa katika siku ya thelathini.

"Hwendi kwa mwanao?" aliuliza Maalim Kificho, wakila wali kwake mchana ule.

"Kesho. Leo wamefunga."

"Wamefunga Idi, masikini."

Abrahman alimega tonge. Alikuwa ameshalifikiria jambo lile kwa utaratibu. Kiwanja kingefunguliwa Jumanne, gwaride lingepita Jumanne, mtoto angefungua Jumanne. Kumwendea Jumatatu ni kumtia mtoto katika majaribu. Alijiona ametumia busara, na pengine alikuwa ametumia.

Jumanne alitoka Wete kwa baskeli mapema, gauni limekunjwa ndani ya karatasi, na saa nne alikuwa Wawi, akipiga hodi kwa Bi Shariffa, mamake Bimkubwa. Bibi huyu alizaliwa katika nyumba yenye mashamba. Katika mashamba hayo ya babake, eka tatu za mikarafuu alipewa babake Abrahman kwa karatasi ya serikali baada ya Mapinduzi. Bi Shariffa hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yake hata mara moja, na Abrahman aliona afadhali angelitaja.

"Karibu, Fundi," alisema Bi Shariffa. Zamani alikuwa akimwita mwanangu.

"Shikamoo, mama. Idi njema."

"Marahaba. Njema na kwako, ingawa yako imeshalala."

"Nimekuja kumchukua Masika, kama tulivyokubaliana. Idi mosi."

Bi Shariffa alimimina kahawa, akampa kikombe, akamngoja apige funda la kwanza.

"Fundi, jana asubuhi uliswali swala gani?"

Abrahman akakishusha kikombe.

"N'nakuuliza kwa wema. Uliswali Idi ama hukuswali?"

"Niliswali."

"Ukala?"

"Nikala."

"Basi Idi mosi yako ilikuwa jana. Tulikungoja, hukuja. Leo kwako ni Idi pili, na Idi pili haimo katika mapatano."

"Jana mlikuwa mmefunga, mama."

"Sisi, ndiyo."

"Mtoto kafunga, kiwanja kimefungwa. Ningempeleka wapi?"

"Ungempeleka unakokwenda mwenyewe. Kwani mwezi tuliugawa sisi?"

Hamad alichungulia mlangoni, kanzu yake mpya bado ina alama za mikunjo. "Mama, si umpe tu mtoto akatembee na babake? Siku zenyewe hizi mbili."

"Hamad, kanywe chai."

"Nshakunywa."

"Basi kanywe nyengine."

Hamad akamtazama Abrahman, akainua mabega, akarudi ndani. Abrahman hakumchukia. Angekuwa yeye, naye angekwenda kunywa chai.

"Mimi simnyimi mtu mwanawe," alisema Bi Shariffa. "Nataka neno moja tu. Sema jana haikuwa Idi. Sema ilikuwa Ramadhani, nawe ukala mchana. Ukisema hivyo, leo ni Idi mosi yako kama yetu, na mtoto ni wako mpaka magharibi."

"Mama, hilo ni jambo la dini."

"Na la mwanangu lilikuwa la nini?" Sauti yake haikupanda. "Ulimtaka ale siku aliyoamini ni Ramadhani. Hakula. Alitoka kwako na mtoto mkononi na funga yake kinywani. Nami nataka nione, funga yako wewe ni ya namna gani."

Chini ya pazia la mlango Abrahman aliona miguu miwili midogo, viatu vipya, soksi nyeupe. Haikutikisika. Mtoto alikuwa anasikiliza. Kutoka upande wa Chake watu wa beni walikuwa wakijaribu ngoma zao, na tarumbeta moja ilikuwa ikitafuta sauti yake, ikakosa, ikaanza tena.

Alimfikiria Maalim Kificho, aliyemletea chakula miezi mitatu baada ya talaka bila ya kumuuliza lolote. Alizifikiria takbira za jana, watu safu tatu tu, na namna alivyojisikia yumo miongoni mwa watu walioiona haki. Kisha akaitazama tena ile miguu.

"Haikuwa Idi," alisema.

"Sikusikia."

"Jana haikuwa Idi. Ilikuwa Ramadhani, nami nilikula mchana."

Abrahman alidhani bibi atafurahi. Hakufurahi. Alikaa kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega, akakuta haukuwa umefungwa.

"Mwanangu yeye hakuikana siku yake," alisema, na akaingia ndani kumwita mtoto.

Masika alitoka amevaa gauni alilonunuliwa na Hamad, la dukani, lenye shada la kitambaa kiunoni. Alipopewa la baba yake aliingia kubadili bila ya kuambiwa. Lilimkaa sawa mabegani, lakini lilikuwa refu.

"Utakua," alisema Abrahman.

"Naam, baba."

Bimkubwa alimfunga mtoto mtandio. Hakumtazama aliyekuwa mumewe. "Asichelewe," alisema tu, akiuambia mtandio.

Njiani mtoto alikaa nyuma ya baskeli, amemshika baba yake kanzu kwa vidole viwili viwili. Siku zote alikuwa akimshika kwa mikono miwili kiunoni. Abrahman alijiambia ni kwa sababu ya gauni jipya, hataki kulikunja.

Kiwanjani kulikuwa na watu kama siafu. Pembea ya kuzunguka ilikuwa na farasi sita wa mbao, mmoja hana kichwa, na watoto waligombea huyo asiye na kichwa kuliko wengine. Akina mama wa kisiwa cha Makoongwe waliovuka asubuhi walikuwa wameketi kwenye mikeka, watoto wao sare moja, kitambaa cha maua ya rangi ya machungwa. Abrahman alikijua kitambaa kile. Alishona kumi na tatu katika hizo. Wauzaji mabofu ya kupuliza, wauzaji ubuyu, mtu wa askrimu mwenye kengele. Abrahman alimpandisha mwanawe pembea mara mbili, akamnunulia askrimu ya kijiti, na yeye akajinunulia moja. Masika alikula yake akitazama pembeni, kama watu wanavyotazama pembeni mbele ya mtu anayefanya jambo la faragha.

Baada ya laasiri gwaride likaja.

Mbele beni, kofia za karatasi ya dhahabu, ngoma kubwa imebebwa na mzee ambaye ngoma ilimfunika hata ikawa inatembea kwa miguu yake. Nyuma yao mtu juu ya magongo marefu, suruali yake imeshonwa kwa magunia manne ya sukari, maandishi bado yanasomeka. Kisha bibi harusi, ambaye alikuwa mwanamume mwenye masharubu, akiwarushia watu busu, na mumewe, mfupi, akimfukuza kwa ufagio. Kisha ngamia. Ngamia wa kiwanja kile ni wa gunia, ndani yake watu wawili, na kila mwaka aliye nyuma hugombana na aliye mbele.

"Wewe wa mbele, nenda basi!"

"N'takwenda wapi na mkia ni wako? Vuta mkia!"

"Mkia umenaswa na mkono wako!"

Ngamia akakaa kitako katikati ya njia, nusu moja imesimama. Watu walicheka mpaka wakashikana. Masika alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaukamata mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, na kwa muda huo, ambao Abrahman aliupima baadaye mara nyingi na hakupata kuurefusha, hapakuwa na kitu kilichopungua duniani.

Kicheko kilipokwisha, mtoto hakuuachia mkono. Aliuangalia.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Jana ulikula nini?"

"Wali. Wali na kuku."

"Ulisahau?"

Abrahman alielewa anapewa njia. Chuoni, wanakosoma Kurani, watoto wamesomeshwa kwamba aliyekula kwa kusahau, Mungu ndiye aliyemlisha.

"Sikusahau."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La."

Ngamia aliinuka, watu wakapiga makofi. Masika alifikiri, uso umekunjana kama wa mtu mzima anayetafuta nauli.

"Maalim wetu anasema anayekula makusudi hata afunge umri wake wote hailipi siku ile. Lakini inatakiwa ailipe tu."

Abrahman alifungua kinywa. Angemwambia: jana ilikuwa Idi, mwanangu, mimi sikula mchana wa Ramadhani, nilisema vile nikupate wewe. Na mtoto angeuliza, kwa hiyo ulisema uongo juu ya Idi? Na kama jana ilikuwa Idi, mwaka ule mama alikosea? Na kama mama hakukosea, kwa nini alifukuzwa? Yote yangetoka katika uzi uleule mmoja. Na jioni mtoto angerudi kwa bibi yake akayasema, maana kwa bibi yake hafichi neno. Alihesabu kwamba hakuna neno hata moja analoweza kulisema bila ya kumchafua mtu anayeondoka naye, au kujichafua yeye zaidi. Jua lilikuwa limeshainama.

"N'tailipa," alisema.

"Lini?"

"Alhamisi."

"Siku ya safari yetu?"

"Siku hiyo."

"Nami n'tafunga nawe. Usione tabu peke yako."

"Wewe utakuwa msafiri. Msafiri anaruhusiwa kula."

"Anaruhusiwa, hakulazimishwa," alisema Masika, kama alivyosikia chuoni, na likawa limekwisha.

Mwisho wa gwaride ni gari la mizigo lililopambwa makuti na bendera, ambalo huwapandisha watoto na kuzunguka nao uwanja mara moja. Abrahman alimnyanyua mwanawe akampa mtu wa juu. Gari likaondoka na kelele za watoto. Yeye akarudi nyuma kwenye kivuli, amngoje.

Gari lilipozunguka na kuja upande wake, alimwona Masika amesimama mbele, ameshika ubao, gauni linapepea, pindo lake zito likilivuta chini. Alikuwa anamtafuta. Kanzu zilikuwa nyingi, zote nyeupe, zote za Idi, na nyingi katika hizo zimetoka katika cherehani ya Abrahman mwenyewe. Masika aliona aliyemdhania, akacheka, akapunga mkono kwa nguvu. Yule mtu, mgeni, akampungia naye. Abrahman aliinua mkono wake, akauacha pale juu mpaka gari lilipopita.

Hakumwambia. Aliposhuka, Masika alisema, "Nilikuona," naye akasema, "Nami nilikuona."

Wawi walifika kabla ya magharibi. Mlangoni Abrahman alipiga magoti, akaligeuza pindo la gauni.

"Tazama hapa. Pindo hili nimelishika kwa uzi mmoja tu, na fundo lake hili hapa. Ukikua, likikupanda magotini, vuta fundo hili. Litashuka lenyewe, huhitaji fundi."

"Nitakuja ulivute wewe."

"Inshallah."

"Na Alhamisi usisahau kula daku."

"Sisahau."

Bi Shariffa alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alimkaribisha chakula, naye akasema ameshiba, na wote wawili walijua ni adabu tu.

Kutoka Wawi mpaka Wete maneno hayahitaji baskeli. Jumatano asubuhi Maalim Kificho alisimama mbele ya meza ya Abrahman.

"Nimesikia jambo, nikasema si wewe."

"Ni mimi, Maalim."

"Umesema mbele ya watu kwamba swala yetu haikuwa swala."

"Nilisema juzi haikuwa Idi."

"Na unaamini hivyo?"

Abrahman aliusukuma uzi mbele na nyuma. Angesema siamini, angekuwa amekiri uongo juu ya dini. Angesema naamini, angekuwa amemtukana mtu aliyemlisha.

"Nilikwenda kumchukua mwanangu," alisema.

Maalim Kificho aliitazama rafu ya vitambaa. Hakuwa mtu mbaya, na pengine kama mtu angempa siku mbili tatu angeelewa. Lakini hakusubiri siku mbili tatu. Aliunyoosha mkono rafuni, akakichukua kitambaa chake cha kanzu ambacho kilikuwa bado hakijakatwa, akakikunja vizuri kwapani, akatoka bila ya kuaga.

Alhamisi Abrahman aliamka kula daku, kikombe cha chai na mkate uliolala. Alipotaka kutia nia alikwama. Nia ya kulipa, alipe nini? Hakuwa na siku aliyoikosa. Alikaa gizani na kikombe mkononi mpaka adhana ikakaribia, akanuia tu kufunga siku aliyomuahidi mwanawe, akamwachia Mungu aiweke anapotaka.

Alishona. Baada ya sikukuu kazi huwa ni za kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Saa saba alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Ndio wakati wa ndege. Aliona, kama aliyekuwepo, wamekaa watatu, mtoto karibu na dirisha, Hamad anafungua pakti ya biskuti kwa sababu Hamad ni mwema na asingesahau kubeba biskuti za mtoto. Masika anatikisa kichwa. Bimkubwa anamuuliza, una nini, unaumwa? Mtoto anageukia dirisha. Hatasema "baba alikula". Abrahman alimjua mwanawe. Atakaa na njaa yake mpaka nchi ya watu, midomo imekauka, akimsaidia babake kulipa siku ambayo babake alikuwa hadaiwi. Na wa kumwambia kula, mwanangu, huna dhambi wala mimi sina, alikuwa ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Wete, ana pini mdomoni.

Mwanawema, mke wa jirani, alipita na sahani ya halua iliyobakia sikukuu.

"Karibu, Fundi, kabla haijaisha."

Abrahman alizitoa pini mdomoni, akaziweka moja moja juu ya meza. "Nimefunga, dada."

"Oho! Umeanza zile funga sita za baada ya Idi mapema. Mungu akutakabalie."

"Amin," alisema Abrahman, akarudisha mguu kwenye cherehani.